Uliza Mhandisi: Kitambaa cheusi hakifukuzi kutu

Toleo lililopita niligusia habari ya kuimarisha majengo ya zamani kwa nyuzi za kaboni na za kioo zinazobandikwa kwa gundi ya epoksi. Barua zilizofuata zingeweza kujaza gazeti zima. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu kuna watu wanaolala ndani ya jengo hilo usiku huu.

*Shikamoo Mama Mhandisi. Nina jengo la ghorofa tatu hapa Tanga, karibu na bahari, lililojengwa na marehemu baba mwishoni mwa miaka ya themanini. Chini ni maduka, juu wapangaji. Nguzo za chini zimeanza kupasuka nyufa za wima, na moja imedondosha zege mpaka nondo zinaonekana, zimeliwa na kutu. Kuna kijana amenionyesha kwenye simu kitambaa cheusi cha kaboni. Anasema akizizungushia nguzo zote, jengo litakuwa na nguvu kuliko lilipokuwa jipya, na nitaweza kuongeza ghorofa mbili juu. Bei aliyonitajia ni ndogo kuliko kubomoa na kujenga upya. Nimpe kazi? – Msomaji, Tanga*

Marahaba, ndugu yangu, na Mungu amrehemu mzee. Usimpe. Na kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu, mtafute mhandisi aliyesajiliwa akusimamie jambo moja: ile nguzo inayoonyesha nondo ipunguziwe mzigo. Ziwekwe jeki za chuma za ujenzi, siyo mirunda ya miti, chini ya bimu pande zote za nguzo, zikanyage mbao nene zilizolala kwenye sakafu ngumu. Kama duka la jirani limerundika mifuko ya saruji au magunia, mwenye duka ayahamishe. Hilo likishafanyika, tuzungumze habari ya kitambaa.

Kijana huyo hajakudanganya kuhusu kitambaa chenyewe. Uzi wa kaboni hustahimili mvuto unaozidi megapaskali 3,500 (megapaskali ni kipimo cha nguvu kwa kila eneo), ilhali nondo tunazonunua dukani huanza kulegea kwenye 460 au 500. Ni chepesi, hakishiki kutu, na mafundi wawili wanakibandika bila winchi. Amekosea pale alipodhani kwamba nguvu hiyo inahamia kwenye nguzo kwa sababu tu kitambaa kimeizunguka.

Nguzo kazi yake ni kubeba mzigo unaoibana kutoka juu. Zege likibanwa hivyo hutaka kutanuka ubavuni, na likitanuka kupita kiasi linapasuka. Kitambaa kinachozungushwa kinazuia kule kutanuka, basi. Mchele uliomwagwa sakafuni huwezi kuukalia, lakini ukiutia kwenye gunia ukalishona, unapanga magunia mengine juu yake. Gunia halijauongezea mchele ugumu wowote, limeuzuia usitawanyike.

Ndiyo maana umbo la nguzo lina maana kubwa. Nguzo ya duara inabanwa sawasawa pande zote, na hapo kitambaa hufanya kazi yake vizuri kabisa. Nguzo ya mraba inabanwa zaidi kwenye pembe, na pembe zenyewe ni lazima zisagwe kwa grinda mpaka ziwe za mviringo wenye nusu kipenyo cha milimita 13 au zaidi, la sivyo zinakata nyuzi. Halafu kuna zile nguzo bapa zinazofichwa ndani ya ukuta wa tofali, milimita 230 kwa 600. Upande mrefu ukizidi mara mbili ya ule mfupi, mwongozo wa Taasisi ya Zege ya Marekani, ambao wahandisi wengi duniani huufuata katika kazi hii, haukubali kuhesabu nguvu ya ziada kutokana na kuzungushia isipokuwa majaribio yameithibitisha. Chukua futi ukapime za kwako. Kama ni bapa namna hiyo, utakuwa umelipia rangi ya gharama kubwa sana.

Ila shida ya jengo lako iko ndani zaidi ya hapo. Nyufa za wima zinazofuata mstari wa nondo kwenye jengo lililo karibu na bahari karibu kila mara ni kutu. Chumvi imeingia, ama kwa upepo wa miaka yote hiyo, ama ilichanganywa tangu siku ya kwanza pamoja na mchanga wa ufukweni, jambo lililofanyika sana pwani yetu. Chuma kikigeuka kutu kinavimba, kinachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, na zege lililokifunika linasukumwa nje. Ukilizungushia kitambaa zege la namna hiyo, chumvi iliyomo humo inabaki humohumo pamoja na unyevu wake. Kutu inaendelea, na wewe umeziba nyufa ambazo zingekuonya. Ningeona bora nguzo iliyopasuka ambayo kila mtu anaiona kuliko nguzo nyeusi inayong'aa ambayo hakuna anayejua kinachoendelea ndani yake.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuitwa kuangalia ghala moja mjini Dar es Salaam ambalo bimu zake "ziliimarishwa" miezi michache kabla. Niliingiza bisibisi kwenye ncha ya mkanda wa kaboni, nikaisukuma kidogo, mkanda ukaachia kwa mkono kama urefu wa dhiraa nzima. Nyuma yake ulikuja na kitu cheupe cha unene wa sentimita moja. Ilikuwa plasta. Walibandika nyuzi ghali kuliko zote juu ya plasta, na plasta ilikuwa imeshikamana na rangi ya chokaa ya zamani. Mwenye ghala alikuwa ameshalipa kila kitu, na mzigo ulikuwa umerudishwa juu ya bimu zilezile.

Kwa hiyo mtu yeyote anayetaka kukuuzia kazi hii muulize swali moja tu: utalipima vipi zege kabla ya kubandika? Jibu unalolitaka ni kipimo cha kung'oa. Anasafisha uso mpaka kokoto zionekane, anabandika kisahani cha chuma chenye kipenyo cha milimita 50 kwa gundi ileile, anasubiri ikauke, anakata zege kukizunguka kwa msumeno wa duara, kisha anafunga kifaa cha kuvutia na kuzungusha mpini taratibu huku akisoma saa ya kipimo iliyo kwenye kifaa hicho. Kisahani kikichomoka, kichukue mkononi ukigeuze. Kikiwa kimekuja na bonge la zege lenye kokoto zilizokatika, gundi imeshika vizuri, na namba uliyoisoma ni nguvu ya zege lenyewe. Isipungue megapaskali 1.4. Kikiwa kimekuja kitupu, kina vumbi tu, uso haukuandaliwa, na kazi irudiwe kuanzia kwenye grinda. Hiki ni kipimo kwa kazi za kubandika, kama mikanda ya chini ya bimu. Ukizungushia nguzo ya duara, gundi haina mzigo mkubwa hivyo, lakini mtu asiyekijua kipimo hiki asiguse nguzo yako hata kidogo.

Kuhusu ghorofa mbili za juu, jibu ni hapana, na nitakupa sababu ambayo hata mkandarasi hataweza kuipinga. Mwongozo ule nilioutaja unataka jengo liweze kusimama hata kama nyuzi zote zitapotea, kwa moto, kwa gari kugonga nguzo, kwa mtu kuzikata bila kujua. Kila kiungo, bila nyuzi, kiwe na uwezo wa kubeba mara 1.1 ya uzito wa kudumu wa jengo pamoja na robo tatu ya mzigo wa watu na vitu, tukihesabu mizigo mipya. Ghorofa mbili juu ya nguzo zilizopangiwa tatu haziwezi kupita mtihani huo, sembuse nguzo zilizokwisha liwa. Na hapo hatujagusa msingi, ambao hakuna kitambaa kinachoufikia.

Mambo yatakayolisaidia jengo la mzee ni haya. Mhandisi achukue sampuli za zege na za vumbi lake kwa kina tofauti, apime chumvi. Apulizie ile dawa inayogeuka rangi ya waridi kwenye zege zima na kubaki bila rangi pale ambapo zege limepoteza uwezo wa kulinda chuma. Zege bovu libomolewe mpaka nyuma ya nondo, vidole viweze kupita, nondo zisuguliwe mpaka zing'ae, zilizopungua ziongezewe nyingine. Kisha, kwa nguzo zako, mimi ningechagua kuzizungushia zege jipya la kama milimita 100 kila upande, lenye nondo na ringi zake. Maduka yatapungua kidogo nafasi, na nguzo zitaonekana nene. Lakini nondo, kokoto na mafundi wa kazi hiyo wapo hapohapo Tanga, moto si tishio kubwa kwa zege, na zege jipya linabeba mzigo lenyewe. Kitambaa cha kaboni kina mahali pake, na ninakipenda, lakini mahali pake si hapo.

Tumeshazika watu wengi mno. Huruma, Nairobi, Aprili 2016. Kariakoo, Novemba 2024. Sitaki kuandika jina la mtaa wako kwenye safu hii.

*Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa uhandisi mwaka wa tatu, Mbeya. Tumefundishwa kuhusu nondo na zege tu. Nani aliyegundua kubandika kaboni kwenye madaraja, na je ni kweli mkanda mmoja unaweza kuinua lori? – M., Mbeya*

Nimefurahi kusoma barua yako, mwanangu, na nitaanzia nyuma kidogo kwa sababu hadithi hii ina kipande cha Afrika ambacho mara nyingi hurukwa. Kabla ya kaboni watu walibandika mabati mazito ya chuma kwa epoksi. Moja ya kazi za mwanzo kabisa zinazojulikana ilifanyika Durban, Afrika Kusini, mwaka 1964, kwenye jengo la makazi ambalo bimu zake zilimwagwa huku baadhi ya nondo zimesahaulika. Badala ya kubomoa, wakabandika chuma kwa nje. Ilisaidia, lakini chuma ni kizito kukishikilia juu ya kichwa mpaka gundi ikauke, na baada ya muda kutu huanza kuingia palepale kati ya bamba na gundi, mahali usipopaona.

Katikati ya miaka ya 1980, Urs Meier na wenzake wa maabara ya EMPA huko Dübendorf, Uswisi, wakaanza kujaribu mikanda ya kaboni badala ya chuma. Bei yake ilikuwa kubwa. Kisha ikatokea ajali kwenye daraja la Ibach, karibu na Luzern. Daraja hilo ni la zege lililovutwa kwa nyaya za chuma zilizo ndani yake. Mafundi waliokuwa wakitoboa zege ili kufunga taa za kuongozea magari wakakata nyaya kadhaa za kamba moja. Mwaka 1991 likarekebishwa kwa mikanda ya kaboni. Kwa chuma ingehitajika kilo 175. Kaboni iliyotumika ilikuwa kilo 6.2. Walifanya kazi usiku, wakiwa juu ya gari lenye jukwaa la kuinulia watu, bila kujenga jukwaa la kudumu juu ya barabara kuu inayopita chini. Kwa kilo, kaboni ilikuwa ghali mara nyingi kuliko chuma. Kwa kazi nzima, ukihesabu majukwaa na barabara ambayo haikufungwa mchana, hesabu ilikuwa nyingine kabisa. Hili ndilo ningependa ulibebe kutoka kwenye kisa hicho: bei ya kilo haikuambii bei ya kazi.

Wajapani nao walikuwa wanazungushia nguzo na mabomba ya moshi ya viwanda. Baada ya tetemeko la Kobe la Januari 17, 1995, lililoua watu zaidi ya 6,400 na kulaza chini sehemu ya barabara ya juu ya Hanshin, kazi hiyo ikasambaa nchi nzima.

Sasa lori lako. Tufanye hesabu pamoja, chukua kalamu. Mkanda wa kawaida una upana wa milimita 100 na unene wa 1.2, yaani milimita za mraba 120. Ukivutwa peke yake kwenye mashine ya maabara hukatika kwenye megapaskali 2,800 hivi. Hiyo ni kilonyutoni 336, karibu tani 34. Lori lako limeinuka. Lakini ubandike chini ya bimu ya zege la megapaskali 25, na zege linaachia mapema, linamegeka kama ganda jembamba chini ya gundi huku mkanda wenyewe ukiwa mzima kabisa. Ukifuata kanuni za mwongozo kwa mkanda wa ugumu wa gigapaskali 165 (gigapaskali moja ni megapaskali elfu), utaruhusiwa kuhesabu mnyumbuko, yaani kiasi mkanda unavyorefuka kwa kulinganisha na urefu wake, wa kama 0.0046 tu, ambao ni megapaskali 760, ambao ni tani 9 na ushei. Nondo moja ya milimita 16 inakupa kiasi hicho hicho.

Usikate tamaa kwa jibu hilo. Nondo ya milimita 16 ina uzito wa kilo 1.58 kwa mita, na huwezi kuitia ndani ya bimu iliyokwisha kauka. Mkanda una gramu kama 190 kwa mita na unabandikwa kwa siku moja. Lakini umeona ni nani anayeamua. Zege ndilo linaloamua. Rudia hesabu hiyo kwa zege la megapaskali 15, kisha uniandikie umepata nini, na kama bado ungebandika.

*Assalaam alaykum Bi Mhandisi. Nyumba yetu ya familia ipo Mji Mkongwe, Unguja, ya mawe na chokaa. Ukuta mmoja wa barazani umeachana na ukuta wa pembeni, ufa unapita mkono juu na chini umeziba. Tumeshauriwa kubandika mikanda ya kaboni kwa epoksi kuvuka ufa. Tunaogopa yasije yakatukuta kama ya Beit el Ajaib. – Msomaji, Zanzibar*

Wa alaykum salaam, ndugu zangu. Hofu yenu naielewa. Beit el Ajaib, lile jumba la mwaka 1883, lilipoanguka upande wake Desemba 25, 2020, kazi ya ukarabati ikiendelea ndani yake, watu wawili walipoteza maisha, na kila mwenye nyumba ya mawe Unguja alilala akiutazama ukuta wake.

Epoksi kwenye ukuta wenu mimi siitaki. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unavuta maji kutoka ardhini na kuyatoa kwa hewa, mwaka mzima, na pamoja na maji hayo kuna chumvi. Mkanda wa epoksi unaziba mahali hapo. Chumvi inakusanyika nyuma yake, chokaa inageuka unga, na baada ya misimu kadhaa ya mvua mkanda unaning'inia juu ya unga. Tena ule mkanda ni mgumu kupindukia kwa kulinganisha na chokaa laini. Ukuta ukicheza, hautapasuka pale palipobandikwa, utapasuka pembeni yake.

Nyuzi zenyewe, hata hivyo, zinaweza kuwafaa zikibandikwa kwa kitu cha jamii ya ukuta. Kuna wavu wa nyuzi za kioo zilizotengenezwa zistahimili ukali wa chokaa na saruji, na mwingine wa nyuzi za basalti (jiwe la volkano), unaozamishwa ndani ya tabaka mbili za chokaa isiyo na saruji, jumla milimita 10 hadi 15. Ukuta unaendelea kupumua. Na siku ikija mbinu bora zaidi, wajukuu wenu wanaweza kuubandua bila kuumiza jiwe. Kwenye nyumba ya urithi hilo silo jambo dogo.

Waitalia wametufunza mengi hapa. Septemba 26, 1997, tetemeko liliangusha sehemu za dari ya matao ya Kanisa la Mtakatifu Fransisko kule Assisi na kuua watu wanne waliokuwa ndani wakikagua madhara ya tetemeko la usiku uliotangulia. Matao yaliyobaki yaliimarishwa kwa mbavu nyembamba za mbao zilizovikwa nyuzi za aramidi (nyuzi imara za kiwandani), zikawekwa upande wa juu, ule usioonekana. Anayeingia leo akainua kichwa anaona michoro tu. Walichagua mbao na aramidi kwa sababu ni vyepesi na vinakubali kunyumbuka pamoja na tao la zamani.

Lakini wavu uje mwisho. Ufa mpana juu na uliofungwa chini unaniambia ukuta wa mbele unaegemea nje. Pandeni darini kwanza. Tazameni vichwa vya boriti pale vinapoingia ukutani, chomeni kwa kisu. Paa likivuja kwa miaka, boriti huoza hapo hapo, na boriti iliyooza haishikilii tena kuta mbili zisiachane. Ikiwa ndivyo, dawa yenu ni paa, boriti mpya, na vyuma visivyoshika kutu vya kufunga kuta zirudi kushikana. Pigeni hodi Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla fundi hajagusa jiwe. Na barazani pasikaliwe kwa sasa, hata jioni ya kahawa.

*Mhandisi, huku Korogwe mkonge tunao wa kutosha. Kwa nini tuagize kaboni kutoka nje? Haiwezekani kuimarisha nyumba kwa katani yetu? – Mkulima, Korogwe*

Swali lako ni la haki, na watafiti wa nchi kadhaa wanalifanyia kazi. Uzi wa katani una nguvu ya megapaskali 400 hadi 700, ambayo si haba, inafika kwenye nondo ya chini. Unaposhindwa ni kwenye ugumu. Ugumu wake ni gigapaskali 10 hadi 20 dhidi ya 230 za kaboni, maana yake zege litakuwa limekwisha pasuka kabla katani haijaanza kukaza. Halafu unakunywa maji, na ukali wa saruji unaula polepole. Kwa bimu na nguzo za zege, hapana.

Kwa vitu laini, naam. Mafundi wa dari za jipsamu wamekuwa wakiichanganya katani kwenye jipsamu kwa miaka mingi, na dari hazidondoki vipande kwa sababu hiyo. Ukuta wa tofali za udongo wenye wavu wa katani ndani ya plasta ya udongo au chokaa, mahali pakavu, ni jambo ambalo ningependa kuliona likipimwa kwa bidii katika vyuo vyetu. Udongo hauna ukali wa saruji, na katani huishi nao vizuri. Ukipata kikundi chenu cha kujaribu kwenye ghala la mazao, mniandikie, nitawachorea namna ya kupima.

*Madam Engineer, nina mkahawa Mombasa. Slabu iliyo juu ya jikoni iliimarishwa kwa mikanda ya kaboni chini yake baada ya kuweka jiko jipya ghorofa ya juu. Kazi ilifanywa na kampuni yenye stakabadhi zote. Je, joto la jikoni lina neno? – Msomaji, Mombasa*

Lina neno, dada yangu. Kaboni haijali joto lako. Gundi ndiyo inayojali. Epoksi nyingi za kazi hii huanza kulainika kati ya sentigredi 60 na 80, na juu ya majiko ya gesi, chini ya dari isiyo na bomba la kuvuta moshi, joto hilo linafikika siku ya kawaida bila moto wowote. Waombe kampuni karatasi ya gundi waliyotumia, inaandikwa humo inalainika kwenye joto gani. Kisha nunua kipimajoto cha kubandika, ukiweke kwenye mkanda wenyewe kwa wiki nzima pamoja na Ijumaa mchana, ukisome jikoni panapochemka kweli. Kikizidi sentigredi 45, weka bomba la moshi linalofanya kazi na dari ya bodi isiyoshika moto kati ya jiko na slabu, ukiacha nafasi ya hewa, na mlango mdogo wa kukagulia.

Mlango huo uutumie kila mwaka. Mkaguzi agonge mkanda kwa sarafu toka ncha hadi ncha. Palipoachia panalia kama kitu kitupu ndani, tofauti na pengine, na sikio lolote linapasikia. Ncha za mkanda ndizo huanza.

Na mwisho, mwambie fundi wako wa umeme na yule wa feni. Mkanda mmoja ukitobolewa kwa tundu la skrubu unakatwa nyuzi zinazobeba uzito wa ghorofa ya juu, na kaboni hupitisha umeme. Bandika mchoro wa mikanda, wenye vipimo kutoka ukutani, ndani ya kabati la swichi kuu, uandikwe kwa Kiswahili na wino usiofutika: hapa pasitobolewe.